Risala ya Kamati ya Michezo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Bonanza la Netiboli la Shule

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi, wanamichezo na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako, na kwa kufika saa ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Jambo hilo si la kawaida hapa, na kamati imeliona.

Ndugu Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Sisi ni mojawapo ya shule za kata zilizozaliwa na MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Madarasa yalitangulia, maabara zikafuata, viwanja vya michezo vikabaki kwenye ramani. Timu ya netiboli ilianza na mpira mmoja. Leo tuna mipira minne, na miwili kati ya hiyo inashika upepo.

Mafanikio ni mengi. Kwa miaka miwili mfululizo tumekuwa katika tatu bora za kanda yetu kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, kanda yenye ushindani mkali wa shule tano. Wachezaji wetu wawili wameitwa timu ya wilaya, mmoja akiwa wa akiba.

Tunachojivunia zaidi ni nidhamu. Nahodha huchaguliwa na wachezaji wenyewe kwa kura ya siri, na jina halipigiwi kura kama mwenye jina anakosa mazoezi. Anayechelewa huanzia benchi, hata kama ndiye mfungaji wetu tegemeo. Kubishana na mwamuzi ni mwiko, na sababu yake ni ya hesabu tu: aliyepigiwa filimbi kwa kumgusa au kumzuia mpinzani lazima asimame pembeni ya mpinzani anayerusha adhabu, asishiriki mchezo mpaka mpira umtoke mrushaji mkononi. Muda huo timu ina watu sita badala ya saba. Akiendelea kunung'unika mpira ukiwa umeshaondoka, sita wanabaki sita, na safari hii wamejitakia wenyewe. Mwenye neno kuhusu sheria humwambia nahodha, naye humwuliza mwamuzi wakati wa mapumziko. Wasichana hawa wamelielewa hilo kuliko baadhi ya sisi wazazi tunaopiga kelele pembeni.

Ndugu Mgeni Rasmi, tukiwa na moyo huo na juhudi hiyo, kwa nini tunaishia kwenye kanda? Tunaomba utuvumilie kidogo, maana jibu liko chini ya miguu yako.

Hapo ulipopita kukagua timu ndipo kiwanja chetu. Ni udongo wa mbuga, umeinamia upande wa mtaro. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza kidole, masika hunasa viatu, na kati ya misimu hiyo hufunikwa na vumbi linaloteleza. Netiboli ni mchezo wa kutua. Mchezaji akidaka mpira hewani, mguu uliotangulia kutua anaweza kuuinua, ila hauruhusiwi kurudi chini kabla hajauachia mpira, wala kuburuzwa, na yote hayo ndani ya sekunde 3. Kwenye vumbi letu mguu hujiburuza wenyewe. Mwamuzi anapiga filimbi, na ana haki. Baada ya filimbi tano za namna hiyo mchezaji anaanza kusimama na kuusubiri mpira badala ya kuukimbilia, na mtazamaji anasema binti huyu mvivu. Si mvivu. Amejifunza kuiogopa ardhi. Wengine hutua na goti limenyooka kwa hofu ya kuteleza, wakati goti linatakiwa likunjwe na uzito uingie miguu yote miwili, na hapo ndipo tunapowapoteza kwa majeraha.

Mistari nayo tunaichora kwa majivu. Kufika robo ya tatu imefutika. Katika mchezo ambao kila namba ina eneo lake, na kuvuka mpaka ni kosa, mstari usioonekana huzaa ugomvi usioisha. Tunawafundisha watoto kuheshimu mpaka ambao sisi wenyewe hatuuoni.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: kiwanja cha zege. Si geni. Limesomwa mbele ya wageni rasmi watatu waliokutangulia, na wote walilipokea kwa makofi. Wa kwanza aliahidi kijiko, ule mtambo wa kuchimba, wiki iliyofuata. Alikuja mtu na futi kamba, akapima, tukamwandalia chai. Wa pili aliahidi mifuko 100 ya saruji, ikafika 20, tukaambiwa tuihifadhi mingine ikija. Tuliihifadhi. Saruji haisubiri kama sisi: baada ya masika moja ghalani ikawa mawe, na sasa ni ngazi za jukwaa ulilokalia. Wa tatu alituletea jezi nzuri sana, tunazishukuru, ingawa jezi hazikuwamo kwenye risala.

Kwa sababu hiyo kamati, pamoja na mafundi wa hapa kijijini, imelivunja ombi vipande vipande ili lisimlemee mtu. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Ukiongeza nafasi ya usalama ya mita 3.05 kila upande, unapata mita 36.6 kwa 21.35, yaani mita za mraba 781. Kwanza udongo wa mbuga uondolewe kina cha sentimita 30, kwa kuwa huvimba ukilowa na hupasua zege lolote linalowekwa juu yake. Mita za ujazo kama 234 haziondoki kwa majembe ya wanafunzi, ndiyo maana tunaomba kijiko kwa siku mbili. Moramu, udongo mgumu wa changarawe, itajazwa kwa tabaka mbili, kila moja imwagiliwe maji na kushindiliwa kwa rola kabla ya inayofuata. Juu yake wavu wa chuma wa BRC, kisha zege la sentimita 10, ratio 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), lenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita ili maji yatoke.

Zege litamwagwa kwa vipande 60, kila kimoja kikikaribia mita 3.6 kwa 3.6, kuruka kimoja kimoja, na mwanya kati yake ili nyufa zitokee tunapotaka sisi. Kipande kimoja hula mifuko minane na sehemu. Vyote 60 ni mifuko 500. Tunaomba sana isije yote kwa pamoja. Ije 84, imwagwe vipande 10, imwagiliwe siku 7, ndipo ije mingine. Na fundi asipige niru, ule ulaini wa saruji juu ya sakafu. Aburuze ufagio zege likiwa bichi, uso ubaki na mikwaruzo, la sivyo tutakuwa tumebadilisha vumbi linaloteleza kwa sakafu inayoteleza.

Wapo wanaosema zege linaumiza magoti. Ni gumu, kweli, na mazoezi ya kuruka tutayafanyia kwenye majani. Lakini mechi nyingi za wilaya na mkoa huchezwa kwenye zege, na watoto wetu hulikanyaga kwa mara ya kwanza siku ya mechi.

Wazazi wamekwishasomba kokoto na mchanga, uko nyuma ya bweni. Mbuzi wameanza kulala juu yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, majirani zetu wa Uganda walimaliza nafasi ya tano kwenye Kombe la Dunia la netiboli, Cape Town, mwaka 2023. Hatuombi kufika Cape Town kwa risala hii. Tunaomba kijiko siku mbili, na vipande vingi kadiri utakavyojaliwa.

Daftari la ahadi liko mezani kwako, pamoja na kalamu. Mwaka huu kamati imeongeza safu mbili: tarehe ya kuleta, na namba ya simu ya msaidizi wako.

Tunaomba kuwasilisha.