Nyumba Hii Sikupewa Bure

Kaka yangu Salim,

Shikamoo. Ujumbe wako kuhusu kiwanja cha Mtwapa umenifikia, na lililonichoma si kiasi ulichoomba bali maneno uliyomwambia Mama, kwamba serikali ya Marekani imenipa nyumba na kwa hiyo mshahara wangu wote unabaki mkononi. Kodi nailipa kila mwezi, na ingawa iko chini ya bei ya soko, si senti za kuchezea.

Huku Massachusetts iko sheria ya mwaka 1969, waiitayo 40B. Mji ambao nyumba zake za bei nafuu hazijafika asilimia 10 ya nyumba zote hauwezi kumzuia mjenzi kirahisi: akitenga sehemu, kwa kawaida robo, kwa wenye kipato kidogo, kisha bodi ya mji ikamnyima kibali, hukata rufaa kwenye kamati ya jimbo. Mjini hapa, mjenzi wa nyumba zetu alipoomba kibali, wakazi walijaa mikutanoni wakilalamikia magari, shule na maji taka, na nikamsikia mmoja akisema "watu wa aina hiyo", ilhali sisi ndio tunaokesha na wazazi wao wagonjwa. Hilo sijalisamehe. Kibali kilipotoka ikapigwa bahati nasibu ya kuchagua wapangaji, na jina langu likatoka. Leo nina vyumba viwili na jiko ambalo hakuna aliyelipikia kabla yangu, Kaka!

Najua utasema wenyeji ndio wenye neno juu ya ardhi yao, na utanitajia Buxton ya Mombasa, ambako nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa na wapangaji wakalazimika kuhama. Uchungu ule naujua. Lakini Buxton walionyimwa sauti walikuwa wapangaji, na huku wenye sauti ni wale waliokwisha kupata nyumba, maana anayeihitaji bado hana anwani mjini wala kura. Wapiga kura wa Milton, mji wa jimbo hili hili, Februari 2024, waliukataa mpango wa kuruhusu nyumba za familia nyingi. Januari 2025 mahakama ya juu ya jimbo ikathibitisha kuwa sheria ya mwaka 2021 inayoidai mipango hiyo ni halali. Nilifurahi kana kwamba kesi ilikuwa yangu.

Jioni natamani baraza letu, kwani humu hapabishwi hodi. Dawa za Mama nitazituma Ijumaa. Kiwanja kingoje hadi Desemba, na habari ya kodi umweleze Mama wewe mwenyewe.

Dada yako