Usikubali Upesi

Langoni, Lamu

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na watoto wote hapo nyumbani. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema sarufi huiogopi na kusikiliza unamudu, ila ukikumbuka kwamba utaketi mbele ya watahini useme Kifaransa, unashikwa na tumbo joto. Nakuelewa, dada. Mwaka jana, safari nzima kutoka Mokowe hadi Mombasa, sikuweza kutia chochote mdomoni.

Hiyo DELF yako ya B1, yaani mtihani wa cheti cha Kifaransa wa ngazi ya kati, sehemu ya kuzungumza huchukua kama dakika 15 na ina alama 25 kati ya 100. Wanataka jumla ya 50 ufaulu, lakini ukipata chini ya 5 hapo kwenye kuzungumza, umeanguka mtihani wote hata kama kwingine umeng'ara. Kabla ya kuingia hupewa dakika 10 za kujitayarisha, nazo ni za sehemu ya tatu peke yake. Ya kwanza na ya pili unaingia mikono mitupu.

Ya kwanza isikukoseshe usingizi: dakika mbili au tatu za kujieleza, kazi yako, familia yako, mipango yako. Usiihifadhi kama shairi tu. Mtahini akikukata kwa swali ukiwa katikati ya beti, utapotea.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Unachagua karatasi yenye kisa kifupi, na mtahini anakuwa mwenye duka, au jirani, au rafiki yako, mnaongea dakika tatu au nne. Nilipofanya zoezi na mwalimu wangu mara ya kwanza, kisa kilikuwa cha mpangaji ambaye bomba la maji limepasuka. Mwalimu, aliyekuwa mwenye nyumba, akasema, "Mwezi huu sina pesa." Nami kwa adabu nikamjibu, "D'accord, monsieur, merci," yaani sawa, bwana, asante, nikanyamaza. Hata dakika moja haikutimia. Akaniuliza: "Na maji yakiendelea kumwagika?" Nikaona haya, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akikataa unanyamaza. Pale kunyamaza ni kupoteza alama. Mtahini anakukatalia makusudi apate kukuona unavyojitetea: useme unaelewa shida yake, lakini una mtoto mdogo, uulize fundi ataweza kuja lini, upendekeze ulipe wewe, kisha akate kwenye kodi. Zuhura, wewe ukienda kununua samaki huondoki kwa bei ya kwanza. Ingia na ulimi ule ule wa sokoni.

Ila adabu usiiache mlangoni. Usiseme "je veux", yaani nataka, kwao inasikika kama amri. Sema "je voudrais", ningependa, au "est-ce que vous pourriez", je, ungeweza, kama sisi tunavyosema "naomba" badala ya "nataka". Mtahini ni "vous" daima, ile "wewe" ya heshima, isipokuwa karatasi ikisema yeye ni rafiki yako. Hapo mwite "tu", "wewe" ya mazoea, bila kusita.

Sasa matamshi. Tuna bahati moja ambayo hatuithamini. Ile r ya Kifaransa hutoka nyuma kooni, jirani kabisa na ghaini tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo. Sema "ghali", sema "ghafla", kisha sema "rue", utaona mlango ni ule ule. Shida yetu ni u yao. Tamka i, ulimi usiusogeze, halafu vuta midomo mbele kana kwamba unapuliza makaa. Fanya zoezi kwa "dessus" na "dessous", maana la kwanza ni juu na la pili ni chini; ukikosea midomo, umekiweka kitu chini ya meza badala ya juu yake.

Na hicho Kiitaliano chako cha hoteli, ambacho Malindi kinakulisha, kitakusaidia na kitakuchongea. Utaelewa mengi kwa haraka, lakini utatamka kila irabu ya mwisho, nao Wafaransa huzimeza. Tena maneno mengine yanafanana sura tu. "Salire" kwa Waitaliano ni kupanda, ila "salir" kwa Wafaransa ni kuchafua. "Guardare" ni kutazama, "garder" ni kutunza. Yaandike kila unapoyakuta.

Sehemu ya tatu unapata maandishi mafupi, unachagua moja kati ya mawili, unasema linahusu nini, kisha unatoa maoni yako kama dakika tatu, halafu wanakuuliza. Usikae kuyasimulia upya maandishi yao. Taja hoja kwa sentensi moja au mbili, kisha leta ya kwenu. Mimi nilizoea kuuzungumzia mji huu: tangu 2001 Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO, wageni wanakuja, na mimi naona faida yake na taabu yake mlangoni pangu. Mtu akisema alichokiona, maneno humfuata. Dakika zile 10 usiandike sentensi nzima, andika vichwa vya hoja, maana ukiandika utasoma, na kusoma si kuzungumza.

Kila siku sikiliza habari za RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, kwa Kiswahili kwanza, halafu kile kipindi chao cha Kifaransa chepesi, "Journal en français facile", cha dakika 10. Jambo ukishalijua, sikio halihangaiki. Kisha jirekodi kwa simu ukilieleza, ujisikilize. Inaumiza kidogo siku za mwanzo, vumilia.

Kwenye bahasha nimetia kadi 20 nilizoziandika kwa mkono wangu, kila moja na kisa chake. Usizifungue zote. Alhamisi baada ya isha nitakupigia, uvute moja bila kuchagua. Mimi nitakuwa mwenye duka, na nitakukatalia.

Wako akupendaye,
Maryam