Tuandike mita kwenye mikataba ya viwanja, hizi hatua za miguu zinaumiza watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee vipimo vya viwanja, maana kila nikifungua gazeti ukurasa wa matangazo madogo nakuta "kiwanja kinauzwa, 20 kwa 20, bei maelewano" alafu basi, hakuna palipoandikwa hiyo 20 ni mita, ni hatua au ni kitu gani. Mimi ni fundi ujenzi hapa Dar. Kazi yangu inaanza pale mtu akishalipa na kusaini, kwaiyo mimi ndo nafika na tepu yangu ya kupimia kufunga kamba za msingi, na mara nyingi mimi ndo naonekana mbaya kwa kumwambia mwenye nyumba kwamba ramani aliyochorewa haiingii hapa.

Hesabu yenyewe iko hivi. 20 kwa 20 ikiwa ni mita unapata skwea mita 400, hapo nyumba ya vyumba vitatu inakaa vizuri na shimo la choo linapata pa kukaa na gari inaingia. Sasa ikiwa ni hatua, mtu mzima akitembea kawaida hatua yake inacheza kwenye sentimita 70 hadi 80, tuseme 75. Hatua 20 hapo ni mita 15, na 15 kwa 15 ni skwea mita 225. Yani 400 imeshuka mpaka 225 na hakuna aliyeiba wala aliyesogeza jiwe la mpaka, ni miguu tu imetembea.

Na ni miguu ya nani? Nenda siku ya kupimiana uone mwenyewe. Dalali akiwa anashuka anarusha miguu, akianza kupanda anaifupisha, akikuta mtaro anauruka anahesabu moja, akifika kwenye kichaka anazunguka huku anasema "hapa weka tatu". Mnunuzi yuko nyuma na simu anapiga picha amtumie mke wake. Alafu mnaenda kuandikishana, na karatasi inasema kiwanja cha miguu, yani hatua, 20 kwa 20, mashariki kinapakana na mwembe, magharibi njia ya kwenda kisimani, mashahidi wanasaini, picha za paspoti zinabandikwa, muhuri unagongwa, imeisha iyo. Miaka mitano baadae mpima anakuja na vifaa vyake kwa ajili ya hati, yeye anaandika kwa mita, mwembe ulishakatwa zamani, na hapo ndo majirani wanaanza kununiana. Kweli saa nyingine upungufu unatokana na barabara ya mtaa kupanuliwa, sio kila kitu ni dalali, ila ungekuwa umeandikiwa mita tangu mwanzo ungejua kilichomegwa ni kiasi gani.

Kwenye mashamba ndo balaa zaidi. Kila mtu anajua ekari ni hatua 70 kwa 70, tumekariri toka kwa wazee. Ekari halisi ni yadi za mraba 4,840, ukizidisha 70 kwa 70 unapata 4,900, kwaiyo aliyetunga hiyo kanuni hakukosea sana, ila alikuwa anahesabu hatua ya yadi moja, yani sentimita 91. Jaribu kutembea hatua za sentimita 91, sabini mfululizo, kwenye shamba lililolimwa na jua la saa saba, utaona kama utafika. Ukitembea zako za kawaida za sentimita 75 unapata mita 52 na nusu kila upande, jumla skwea mita 2,756, wakati ekari kamili ni kama skwea mita 4,047. Hapo zimeyeyuka karibu skwea mita 1,300, ambazo ni viwanja vitatu vya 20 kwa 20 na chenji inabaki! Na upande wa pili pia upo, muuzaji akimleta kijana mrefu anayetupa mita nzima kila hatua anagawa skwea mita 4,900 kwa bei ya ekari moja, hapo analia mwenye shamba.

Sasa kuna watu wakisikia hivi wanadai tatizo ni kwamba bado tunatumia vipimo vya Mwingereza, futi na inchi na ekari, vifutwe vyote. Mimi sikubaliani kabisa. Saiti kwetu tunaishi na vyote kwa pamoja na kazi zinaenda, nondo tunaita kwa milimita, mbao ni mbili kwa nne za inchi, tofali ni la inchi 6 au 5, bomba ni nusu inchi na robo tatu, tailizi zinauzwa kwa skwea mita. Inchi haina shida maana haitegemei mtu, toka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zilikubaliana kwamba ni milimita 25.4 kamili, kwaiyo futi ni sentimita 30.48, ukipima Tandika au Toronto ni ileile. Hatua ndo haina makubaliano na mtu yeyote, na namba isiyo na kipimo mbele yake ni mbaya zaidi.

Ila kubadilisha nako kunataka akili, hili nalisema kwa mafundi wenzangu pia. Ramani ikisema 3600, hizo ni milimita, fundi anasema "ah hiyo futi 12", kumbe futi 12 ni milimita 3,658, na sentimita karibu 6 ukizirudia chumba hadi chumba ukuta wa mwisho unajikuta kwenye mpaka wa jirani. Kingine ni eneo. Watu wengi wanajua mita moja ni futi 3.28, wanachukua chumba cha futi 10 kwa 12, skwea futi 120, wanagawa kwa 3.28 wanapata 36 na kitu alafu wanaenda dukani. Hapana, eneo unagawa kwa 10.76, jibu ni skwea mita 11 na kidogo. Kwa tailizi za 60 kwa 60 ambazo boksi la vipande vinne lina skwea mita 1.44 unahitaji boksi 8 bila kuhesabu za kukatika. Kwa ile hesabu ya kwanza unabeba 26. Muuza duka hawezi kukukatalia hela yako.

Wakenya nao wana ya kwao, plot ya 50 kwa 100, na kule ni futi. Inaitwa sehemu ya nane ya ekari lakini ukipiga hesabu ni skwea mita 464 na nusu, na sehemu ya nane yenyewe ni kama 506. Wamezoea hivyo, angalau futi 50 ni futi 50 hata akipima nani.

Ombi langu kwa ofisi za mitaa na vijiji sio kubwa. Tepu ya mita 50 ipo hardware yoyote na bei yake haifiki hata pesa ya dalali. Iwepo ofisini, ipelekwe kwenye kiwanja kabla muhuri haujagongwa, pande zote nne zipimwe (zote nne, maana viwanja vingi sio mraba), na urefu wa kila upande uandikwe kwa mita kwenye mkataba. Anayetaka kuongeza futi au ekari pembeni aongeze.

Na wewe Mhariri usicheke, gazeti lako nalo limo. Jumatatu mnaandika hekta, Jumatano ekari, kwenye habari ileile ya mradi uleule, wakati hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Kwenye ukurasa wa kilimo mtaalamu anasema mbolea kilo 125 kwa hekta, msomaji ana ekari yake moja anaenda kumwaga mifuko miwili na nusu wakati alitakiwa kumwaga mmoja wa kilo 50. Wekeni vyote viwili kwenye mabano. Na tangazo la kiwanja lisilosema ni mita au hatua mrudishieni mwenyewe aandike upya, kabla hamjachukua hela yake.

Msomaji wenu,
Fundi ujenzi, Mbagala, Dar es Salaam