Kabla ya Kuing'arisha Medali ya Kale, Soma Ukingo Wake

Wateja wengi hutuletea medali za kale zikiwa zinametameta, na hapo ndipo roho inatuuma. Dawa ya kung'arishia fedha hula madini kidogo kidogo, na maandishi membamba ya ukingoni hufutika mapema. Kwa medali za Jeshi la Majini la Uingereza enzi za Malkia Victoria, maandishi hayo ndiyo mali yenyewe.

Chukua medali za mhandisi wa meli. Kazi yake ilikuwa chini, kwenye joto la boila na vumbi la makaa ya mawe, wala huwezi kumwona katika michoro ya vita. Medali alipewa sawa na waliokuwa kwenye mizinga. Ukingoni kuna jina lake, cheo na meli. Medali moja ikimtaja kama mhandisi msaidizi na nyingine kama mhandisi mkuu, umeshaona alivyopanda. Ndiyo maana tunawasihi msiziuze mojamoja.

Medali ya vita vya Misri vya 1882 ina Sphinx, sanamu yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, upande wa nyuma. Waliokuwa kwenye meli zilizoipiga Alexandria wana kipande cha fedha juu ya utepe chenye tarehe 11 Julai. Huandamana na nyota ya shaba ya Khedive (mtawala wa Misri), iliyoandikwa kwa Kiarabu pamoja na mwaka 1299 wa Hijria. Nyota hii huzua ugomvi dukani: haina jina, basi mtu hudhani ameuziwa bandia. La, zilitolewa hivyo hivyo.

Zipo pia zinazotuhusu watu wa pwani. Oktoba 1890 Admirali Fremantle alimshambulia Sultani Fumo Bakari wa Witu, karibu na Lamu, baada ya Wajerumani kuuawa huko, na walioshiriki walipata kipande cha «Witu 1890». Lakini Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid iliyovamiwa mwaka 1895, haikupewa kipande. Iliandikwa ukingoni tu. Ukiusugua, umefuta vita vizima!

Tutumie picha za ukingo wote, ukizipiga karibu na dirisha. Tutalinganisha na orodha za medali na kumbukumbu za maofisa zilizohifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza huko Kew, London. Utepe uliochakaa tunabadilisha, na ule wa zamani tunakurudishia. Kung'arisha hatufanyi, hata ukituongezea pesa.