Wakirudi kutoka Marekani, wanapokewa na nani?

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka magazeti yetu, lako likiwamo, hutuonyesha picha ileile: vijana wa chuo kikuu wamesimama mstari mmoja na ofisa wa ubalozi, suti zimepigwa pasi, na chini yake maelezo kwamba wanakwenda Marekani kujifunza uongozi na ujasiriamali wa kijamii. Picha ya siku waliporudi, na walichokikuta, sijawahi kuiona. Naomba nafasi niizungumzie hiyo.

Nilifundisha chuoni miaka mingi, na barua nilizoandika kuwapendekeza wanafunzi kwa safari hizi siwezi kuzihesabu tena. Nilipostaafu nikarudi kijijini, wenzangu wakanichagua mwenyekiti wa bodi ya chama chetu cha msingi cha ushirika, wauzaji wa kahawa. Kwa hiyo vijana hawa nimewaona wakiondoka nikiwa mwalimu wao, na nimewaona wakirudi nikiwa mtu wanayemjia na wazo.

Programu ninayoifahamu zaidi ni ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ile inayoitwa kwa kifupi SUSI (Study of the U.S. Institutes). Humchukua mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa miaka 18 hadi 25, hasa mwenye cheo au harakati chuoni, ikampeleka kwenye chuo kimoja cha huko kwa wiki 5 hivi. Kuna darasa, kazi za kujitolea, kutembelea mashirika, na ziara ya miji mingine. Nauli, malazi na chakula hulipwa na serikali yao. Mada hutofautiana kwa makundi, na ujasiriamali wa kijamii ni mojawapo. Viza yake ni J-1, ile ya wanaokwenda kwa programu za kubadilishana, na kwa kuwa fedha ni za serikali, aliyekwenda hutakiwa kukaa nchini kwake jumla ya miaka 2 kabla hajapata baadhi ya viza za kazi za kule au ukaazi wa kudumu. Wapo wanaolilalamikia sharti hilo. Mimi naliona ndilo lenye busara kuliko yote. Kasoro yake ni kwamba linamtaka kijana arudi, lakini huku nyumbani hakuna aliyetakiwa kumpokea.

Sipingi safari hizi, na wanaosema ni utalii wa bure wanakosea. Nzambi Matee wa Nairobi aliacha kazi mwaka 2017 akaweka maabara ndogo uani kwa mama yake, akitafuta namna ya kuchanganya plastiki chakavu na mchanga apate matofali ya kutandaza njiani. Majirani walilalamikia kelele za mashine yake. Akawaomba wamvumilie mwaka mmoja. Baadaye akapata ufadhili wa mafunzo ya ujasiriamali wa kijamii Marekani, na kwenye begi akatia sampuli za matofali yake. Alipofika, akazitumia maabara za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kusahihisha vipimo vya mchanga na plastiki. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamtunuku miongoni mwa vijana mabingwa wa dunia. Kilichonivutia katika habari yake ni lile begi. Alipanda ndege akiwa na jambo lililomshinda uani kwa mama yake, akajua anakwenda kutafuta nini.

Hata Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Benki ya Grameen ya mikopo midogo kwa maskini, ambaye jina lake halikosi katika kozi hizi, ni mtu wa safari kama hiyo. Alikwenda Marekani mwaka 1965 kwa ufadhili wa Fulbright, akasoma Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilichoko Tennessee, akarudi Bangladesh mwaka 1972. Alichokuja kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2006 hakukitoa Tennessee. Alikipata Jobra, kijiji kilichopakana na chuo alichokuwa akifundisha, mwaka 1976, alipokuta watu 42 wanadaiwa jumla ya dola 27 tu na wakopeshaji waliokuwa wakiwanyonya, akawalipia kutoka mfukoni mwake. Kijiji kilikuwa nje ya geti. Vyuo vyetu vingi navyo vina Jobra yao nje ya geti, na mwanafunzi anaipita kila siku akienda kununua chipsi.

Sasa nieleze kilichotokea kwetu.

Miaka michache iliyopita alikuja binti mmoja wa mwaka wa tatu, amerudi kutoka safari ya namna hiyo miezi minne kabla. Wazo lake lilihusu maganda. Aliyewahi kusimama karibu na mtambo wa kumenya kahawa mbivu anaijua ile harufu: msimu ukikolea lundo la maganda mabichi linafika kiunoni, nzi wametanda, na maji yake yakiachiwa yanaingia kwenye mfereji ambao walio bondeni wanautegemea. Binti alitaka maganda yageuzwe mboji, itiwe kwenye mifuko ya kilo 5 yenye nembo, iuzwe mjini kwa wenye bustani za maua. Alileta kompyuta na projekta ya kuazima, na shuka jeupe tukalitundika ghalani juu ya magunia. Alijieleza vizuri. Alisema “impakti” mara nyingi, akasema na “kuskeli”, yaani kupanua biashara, jambo ambalo baadhi ya wazee walilihusisha na mizani na wakaonekana kupendezwa. Kwenye slaidi ya saba umeme ukakatika.

Tukakaa kimya kidogo gizani. Kisha mzee mmoja aliyeegemea mlango akauliza, “Mwanangu, tumekusikia. Hasara ikitokea, analipa nani?”

Hakuwa na jibu. Kule alikuwa amefanyishwa mazoezi ya kuwajibu wenye fedha, ambao huuliza watavuna nini. Mwenye mali anayeogopa kupoteza hakuwa amekutana naye bado. Mama mmoja naye akaongeza lake: “Na hayo maganda mimi huchota madebe nikatia kwenye migomba. Nitaanza kuyanunua?” Biashara ya mifuko ya kilo 5 ikaishia hapo.

Nilidhani atafunga kompyuta aondoke. Akakaa juu ya gunia, akatoa daftari, akaanza kuuliza: nani huchota, siku gani, nani hukosa. Ndipo ikasemwa mbele ya wote kwamba wenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, karibu na mtambo hubeba wanavyotaka, na wa mbali hawapati kitu, ilhali kahawa iliyomenywa ni ya wote. Dhuluma hiyo tulikuwa nayo miaka yote na haikuwahi kuwa ajenda ya mkutano wowote, wala mimi mwenyekiti sikuwa nimeiona. Mpango uliotoka pale haukuwa na mfuko wala nembo. Lundo lifunikwe kwa majani ya migomba, ligeuzwe kila baada ya wiki mbili, na mboji igawiwe kwa kufuata kilo za kahawa ambazo kila mwanachama ameleta.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Binti alirudi chuoni kuomba fildi yake, yaani mafunzo kwa vitendo, aifanyie kwetu, aandike kazi ile vizuri, apime mboji, ajue kama inafaa. Akaambiwa nafasi za fildi zilishapangwa. Ofisi iliyoshughulikia safari yake ilimdai ripoti na picha, akapeleka, na hapo wakamalizana. Alipobisha hodi halmashauri kuulizia mkopo wa vijana, akaambiwa aje na kikundi kilichosajiliwa. Sitaji chuo wala halmashauri.

Hilo la kikundi, kusema kweli, halmashauri walikuwa sahihi. Sheria yetu ya Tanzania inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya hitilafu nyingi za usimamizi, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa vijana, mlango huo huingiwa kwa kikundi. Nao vijana wetu huko wanakokwenda wanafunzwa kujieleza kama waanzilishi, kila mmoja na hadithi yake ya dakika tatu, namna mama yake alivyohangaika na namna yeye alivyopata wazo usiku. Anarudi akijua kusema “mimi” kwa ufasaha mkubwa katika nchi ambayo karibu kila fedha ya umma ya kumwanzisha inamtaka aseme “sisi” na aonyeshe muhtasari wa kikao.

Na “sisi” hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1925 wakulima wadogo wa kahawa Kilimanjaro, ambao walowezi hawakutaka hata kuwaona wakilima zao hilo, waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Kahawa ile imesomesha watoto wengi, na baadhi yao leo ni maprofesa wanaofundisha ujasiriamali kwa vitabu vya kigeni. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Sisemi ushirika ulikuwa pepo. Serikali ilivivunja vyama vikuu mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982, na tangu hapo tumeshuhudia wizi wa kila aina, mwingine ukifanywa na watu niliowafundisha mimi hesabu. Lakini mwanafunzi anayekwenda kusomea biashara yenye manufaa kwa jamii bila kujua haya, kuinuka kwake na kuanguka kwake, anakwenda mikono mitupu.

Jambo la ajabu ni kwamba Wamarekani wenyewe wanao ushirika. Kampuni ya maziwa na siagi ya Land O'Lakes ni ushirika wa wafugaji ulioanzia Minnesota mwaka 1921, miaka 4 kabla ya wazee wetu wa Kilimanjaro. Sijakutana na kijana wetu hata mmoja aliyepelekwa kwenye ushirika wa aina hiyo. Niliozungumza nao walitembezwa kwenye vituo vya kulea kampuni changa, vile vyenye makochi ya rangi na mashine ya kahawa bure. Kahawa hiyo, nawaambia, huenda imetoka kwetu.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi. Kwa wanaoteua: mwanafunzi asipimwe kwa Kiingereza na cheo cha serikali ya wanafunzi peke yake. Barua mojawapo ya kumpendekeza itoke kwa watu anaofanya nao kazi, iwe VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), kikundi cha bodaboda au mama lishe wa getini, hata ikiandikwa kwa Kiswahili na mkono wa katibu asiyejua kompyuta. Na kabla hajapanda ndege asimame mbele yao awaeleze anakwenda kutafuta nini, bila projekta. Atakayeshindwa hapo tumpe mwaka mmoja zaidi.

Kwa vyuo: fildi ya aliyerudi ifanyike kwa watu hao hao, ipewe alama kama fildi nyingine, na mhadhiri mmoja atajwe kwa jina kuwa msimamizi. Halihitaji bajeti hilo. Linahitaji mtu asaini.

Kwa wafadhili, neno moja kuhusu jina la programu. Tunaambiwa ni za kubadilishana. Katika Kiswahili chetu ukibadilishana na mtu, kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea. Sisi tunatoa wanafunzi, tunarudishiwa wanafunzi walewale. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, basi na waje. Waleteni wanafunzi wenu wakae nasi wiki 5 za msimu. Wakae katika mkutano mkuu unaojadili ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, kuanzia saa 3 asubuhi hadi jua la jioni, waone mwenye miche 40 ya kahawa ana kura moja sawasawa na mwenye miche 2,000, wasikie malipo ya pili ya kahawa yakicheleweshwa na wanachama wakitaka kujua kwa nini. Wapo watakaochoka siku ya kwanza.

Yule binti yuko Dar es Salaam sasa, ameajiriwa benki, na simlaumu. Ana mkopo wa elimu ya juu wa kulipa. Hunipigia simu mara mojamoja kuulizia lundo. Mboji bado ipo, akina mama wawili ndio wanaoigeuza. Msimu uliopita tuliacha kuandika daftarini nani kapewa madebe mangapi, na ugomvi wa wa karibu na wa mbali umeanza upya. Tunatafuta mwanafunzi wa fildi wa kutusaidia kuliweka sawa daftari hilo. Malazi yapo, chakula ni ndizi, na aje na viatu vya mvua.

Mhadhiri mstaafu na mwenyekiti wa bodi, chama cha msingi cha ushirika,
Kilimanjaro