Sigara iachwe siku ile ya kupangiwa upasuaji

Mhariri,

Mgonjwa anayepangiwa upasuaji huambiwa asile usiku wa kuamkia siku hiyo, avue pete na hereni, na ndugu wajiandae kuchangia damu. Kuhusu sigara, mara nyingi huulizwa akiwa tayari yuko kitandani akisubiri kuingizwa theta. Kwa kidonda chake, swali hilo limechelewa mno.

Ngozi hupata damu kwa mishipa myembamba sana, na nikotini huibana. Sigara moja tu hupunguza oksijeni chini ya ngozi kwa nusu saa au zaidi, kwa hiyo anayemaliza pakiti kwa siku hushinda katika hali hiyo. Moshi nao una kaboni monoksidi, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hata damu kidogo inayopenya inafika ikiwa na hewa pungufu. Bila oksijeni ya kutosha, seli nyeupe hushindwa kuua vijidudu na mwili hushindwa kutengeneza kolajeni, protini ya kuunganisha kidonda. Wanaotegemea antibiotiki pekee wakumbuke kwamba nazo husafiri kwa damu hiyo hiyo.

Madhara haya huonekana waziwazi kwa majeruhi wa bodaboda waliovunjika muundi. Hapo ngozi imelalia mfupa, nyama hakuna. Mfupa uliochubuka ukabaki mtupu haushiki ngozi nyembamba ya kupandikizwa, hivyo daktari huufunika kwa kugeuza kipande cha nyama au ngozi ya jirani, kikiwa bado kimeshikana na mishipa yake upande mmoja. Ncha ya kipande hicho iko mbali zaidi na chanzo cha damu, nayo ndiyo hufa kwanza. Muuguzi huibonyeza kwa kidole na kuachia: rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kwenye ngozi nyeusi sana rangi hudanganya, kwa hiyo apapase pia. Ncha ikiwa ya baridi kuliko ngozi ya pembeni, daktari aitwe saa hiyo hiyo. Inauma kuona kazi ya saa kadhaa ikihatarishwa na sigara ambayo ndugu ameileta kwa huruma wakati wa kuona wagonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba kuacha wiki 4 kabla ya upasuaji hupunguza madhara, na kila wiki inayoongezeka baada ya hapo huboresha matokeo kwa asilimia 19. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2002, kwa wagonjwa wa kubadilishiwa nyonga na goti waliosaidiwa kuacha au kupunguza sigara wiki 6 hadi 8 kabla, ulikuta asilimia 18 wakipata matatizo, dhidi ya 52 kwa wale ambao hawakusaidiwa.

Majeruhi wa dharura hana wiki 4. Aache hapo hapo: ndani ya siku moja kaboni monoksidi nyingi huwa imeshamtoka, kisha avumilie angalau wiki 4 baada ya upasuaji. Dhana kwamba kuacha siku chache kabla ni hatari kwa mapafu haina ushahidi wa kutosha, isimzuie mtu.

Shisha si nafuu, kwani makaa yake hutoa kaboni monoksidi nyingi. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, lakini nikotini imo. Anayezidiwa na hamu amuulize daktari kuhusu plasta au bigijii za nikotini, na aliyegeuziwa nyama asizitumie bila idhini ya aliyempasua.

Tunaomba hospitali ziongeze mstari mmoja kwenye kadi ya miadi ya upasuaji: tarehe ya kuacha tumbaku, iandikwe mgonjwa akiwepo, na ndugu atakayemuuguza aelezwe pia.

Wauguzi wa wodi ya upasuaji,
Mwanza