Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Filamu za Kim Longinotto

Wanachama wenzangu,

Katika Mkutano Mkuu uliopita mliiagiza Kamati iache desturi ya kuonyesha filamu moja moja zilizookotwa huku na huku, na badala yake ichague mtengenezaji mmoja wa filamu za makala aliyesimama upande wa haki za wanawake, tuifuate kazi yake tangu alipoanza hadi alipofika. Kamati ilimchagua Kim Longinotto wa Uingereza. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosita, kwa kuwa niliona chama cha wanawake wa Mombasa kingestahili kuanza na mtu wa kwetu. Leo nasema waziwazi kwamba uchaguzi ule ulikuwa sahihi, na sehemu kubwa ya taarifa hii inaeleza sababu zake. Hesabu za fedha, pamoja na ada tulizolipia haki ya kuonyesha filamu hizo, zitasomwa na Mweka Hazina.

Longinotto alizaliwa London mwaka 1952, baba yake akiwa Mwitaliano na mama yake mtu wa Wales. Alipofika umri wa miaka 10 alipelekwa shule ya bweni ya wasichana, na huko, baada ya kupotea katika safari ya shule, mwalimu mkuu aliwakataza wenzake wote kusema naye kwa muhula mzima. Alipotoka huko aliwahi kuishi kwa muda bila makao, kisha akasoma fasihi katika Chuo Kikuu cha Essex, na hatimaye akajiunga na chuo cha taifa cha filamu na televisheni cha Uingereza. Filamu yake ya uanafunzi, Pride of Place ya mwaka 1976, ilirudi kwenye bweni lile lile na kuyaonyesha maisha ya wasichana waliokuwa bado wamo ndani. Haukupita muda mrefu shule ikafungwa. Miaka 2 baadaye, akishirikiana na Claire Pollak, alitengeneza Theatre Girls kuhusu hosteli ya wanawake wasio na makao katika mtaa wa Soho, London. Wale kati yetu waliosoma bweni walielewa upesi kwa nini mtu wa namna hii alianza na mahali alipoumizwa, na kwa nini hakujiweka yeye mwenyewe mbele ya kamera alipoparudia.

Njia yake ya kufanya kazi inaelezeka kwa maneno machache, ingawa kuifuata ni kazi nzito. Kamera huishika mwenyewe. Sauti hunaswa na mwanamke mwingine, ambaye kwa filamu nyingi amekuwa Mary Milton, na mara nyingi hufuatana nao mshirika anayeijua lugha na mambo ya mahali wanapokwenda. Hana msafara wa watu, wala hawapangii wahusika wake waseme nini. Katika filamu zake nyingi hakuna sauti ya msimulizi anayemwambia mtazamaji amhukumu nani. Mtazamaji anaachwa ndani ya chumba pamoja na watu, asikilize hadi aanze kufahamu nani anamwogopa nani. Mwanzoni jambo hili liliwachosha baadhi yetu, na nakumbuka katika maonyesho ya kwanza wanachama kadhaa walitoka kabla ya mwisho. Kufikia katikati ya mwaka hakuna aliyekuwa akitoka.

Filamu zake za Japani tulizipitia kwa haraka, nami sitazirefusha hapa. Iliyotushika kwanza kwa nguvu ni Divorce Iranian Style ya mwaka 1998, aliyoiongoza pamoja na mwanaanthropolojia wa Kiirani Ziba Mir-Hosseini, ndani ya mahakama ya familia mjini Tehran. Karibu mambo yote yanatendeka katika vyumba vichache vya mahakama: hakimu mwenye kilemba nyuma ya meza, karani mwanamke mwenye mafaili yake, na wake wanaoingia mmoja baada ya mwingine kudai talaka ambayo mume angeweza kuitoa bila kueleza sababu. Kwa sheria ya huko wakati ule, mwanamke alilazimika kuthibitisha kasoro fulani ya mume, au kujikomboa kwa kuisamehe mahari yake. Yumo msichana wa miaka 16 anayedai kuachana na mume wa miaka 38, na yumo mama aliyeolewa tena anayepigania asinyang'anywe binti zake. Wanawake hawa wanabembeleza, wanakaripia, wanadanganya kidogo inapobidi, wanacheka, na wanarudi kesho yake. Wanachama wenye uzoefu wa mahakama ya kadhi hapa kwetu walisema sheria haifanani katika kila jambo, lakini benchi la kusubiria ni lile lile. Kuna mahali ambapo binti mdogo wa karani anapanda kwenye kiti cha hakimu, anajifunika kichwa mithili ya kilemba, na kuendesha kesi ya kubuni kwa maneno aliyoyasikia kila siku. Tuliirudia sehemu hiyo mara mbili kwa maombi ya ukumbi.

Maandishi ya chini ya filamu ile yalikuwa ya Kiingereza, na si wote tunaoyasoma kwa kasi inayotakiwa. Namshukuru mwanachama aliyejitolea kusimama kando ya pazia na kutufasiria kwa Kiswahili, jioni baada ya jioni, hadi sauti ikamkauka. Nawashukuru pia waliotupokea nyumbani kwao pale ukumbi mmoja uliokwisha kutukubalia ulipobadili nia siku 2 kabla ya maonyesho, baada ya wenyewe kupata habari kwamba filamu iliyofuata ilihusu ukeketaji.

Filamu hiyo ndiyo The Day I Will Never Forget ya mwaka 2002, na ilipigwa hapa Kenya. Naomba mniruhusu nikae hapa zaidi kuliko kwingine, kwa sababu ndiyo filamu iliyotugawanya. Ndani yake tunamfuata muuguzi Msomali, Fardhosa, akienda kwa wanawake wa jamii yake jijini Nairobi na kuzungumza nao kwa subira kuhusu madhara ambayo yeye mwenyewe anayafahamu mwilini mwake. Tunamwona binti mdogo anayemsomea mama yake shairi alilolitunga kuhusu siku aliyokeketwa, na jina la filamu limetoka humo. Tunamwona msichana wa Kimaasai aliyetoroka ndoa. Na mwishoni tunakutana na wasichana wa Bonde la Ufa waliokimbia makwao na kwenda mahakamani kuomba amri ya kuwazuia wazazi wao wenyewe wasiwakekete. Wasichana wale hawakuwa wanawatukana wazazi wao. Walisimama mbele ya hakimu kwa sare za shule na kusema kwamba wanawapenda, na kwamba hawatakubali.

Ubishi wetu ulihusu mahali ambapo dada wawili wadogo wanakeketwa na kamera imo humo humo chumbani. Kilichobaki masikioni mwetu ni vilio vyao. Mwanachama mmoja, ambaye ameyapitia hayo utotoni, alisimama na kuuliza kwa nini mtu mzima aliyekuwa na mikono miwili aliishika kamera badala ya kuwashika watoto. Mwingine akamjibu kwamba watoto wale wangekeketwa kwa vyovyote, kwa kuwa siku ilikuwa imekwisha kupangwa na familia, na kwamba bila sauti zile wako watu wazima wa nchi hii ambao wangeendelea kukiita kitendo kile sherehe. Tulikaa hadi usiku. Msimamo wangu, ambao si wa Kamati, ni kwamba wote wawili walisema kweli, na kwamba mtu yeyote atakayetaka kupiga filamu ya namna hiyo leo hana budi kwanza kuripoti, kwa sababu sheria sasa ipo. Wakati filamu ile inapigwa, Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyokataza kumkeketa mtoto, ilikuwa changa mno, kwani ilianza kutumika Machi 2002. Ile inayopiga marufuku ukeketaji kwa mwanamke wa umri wowote ilipitishwa mwaka 2011, na Mahakama Kuu ilikataa kuibatilisha Machi 2021.

Niliwaahidi waliouliza kama kuna lililobadilika kwamba nitaleta takwimu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2003, asilimia 32 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa; mwaka 2014 ilikuwa asilimia 21, na mwaka 2022 asilimia 15. Sidai kwamba filamu moja ndiyo iliyoshusha viwango hivi, wakati akina Fardhosa wanatembea mlango kwa mlango na walimu wanawaficha wasichana shuleni msimu wa likizo. Aidha, wastani wa taifa unaficha hali ya jamii ambako karibu kila mwanamke bado anakeketwa, na baadhi ya jamii hizo ziko kaskazini mashariki, haziko mbali nasi.

Baada ya jioni ile nzito, Sisters in Law ya mwaka 2005 ilitujia kama pumzi. Ilipigwa Kumba, Kameruni, Longinotto akiongoza pamoja na Florence Ayisi, naye Mkameruni. Wahusika wakuu ni mwendesha mashtaka Vera Ngassa na jaji Beatrice Ntuba, wanawake wawili wanaozungumza na watuhumiwa kama shangazi anayezungumza na mpwa aliyeharibu, huku kitabu cha sheria kikiwa kimefunguliwa mezani. Kesi iliyotugusa ni ya Amina, mke Mwislamu aliyepigwa na mumewe, akakataa kushawishiwa na jamaa aondoe mashtaka. Mume akatiwa hatiani, na hukumu ya namna hiyo ilikuwa haijasikika mjini pale kwa miaka 17. Filamu ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huo huo. Wanachama wengi wameniambia kwamba hii ndiyo wangependa mabinti zao waione kwanza, nami nakubaliana nao, kwa sababu binti anayetazama anaona kazi anayoweza kuisomea.

Nyingine nitazitaja kwa ufupi. Rough Aunties ya mwaka 2008, iliyoshinda tuzo kuu ya makala za kimataifa katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2009, inawafuata wanawake wa Durban, Afrika Kusini, wanaowatetea watoto waliobakwa. Pink Saris ya mwaka 2010 inamhusu Sampat Pal Devi wa Uttar Pradesh, India, kiongozi wa wanawake wanaovaa sari za waridi, naye Longinotto hakuuficha ukali wa mama huyo wala majivuno yake. Nampa heshima zaidi kwa hilo, kwani mtetezi aliyepakwa sukari hamfundishi mtu kitu. Salma ya mwaka 2013 inamhusu mshairi wa Kitamil, wa kusini mwa India, aliyefungiwa ndani tangu alipovunja ungo, akaandika mashairi kwa siri na kuyatoa nje kimagendo, kisha akaja kuchaguliwa kuongoza baraza la mji wake. Dreamcatcher, iliyompa Longinotto tuzo ya uongozaji huko Sundance mwaka 2015, inamfuata Brenda Myers-Powell mjini Chicago, aliyeacha ukahaba baada ya miaka 25 na sasa anawatafuta wasichana usiku mitaani. Tulifunga mwaka na Shooting the Mafia ya mwaka 2019, kuhusu mpigapicha Letizia Battaglia wa Palermo, Italia.

Lipo swali lililorudi kila mwezi, nalo ni kama mwanamke wa London ana haki ya kutusimulia. Nimelitafakari kwa muda mrefu. Ninachokiona ni kwamba pale alipofanya vizuri zaidi, mwenyeji alikuwa na sauti kamili katika kazi: Mir-Hosseini na Ayisi wametajwa kama waongozaji, hawakutajwa kama wakalimani. Katika filamu ya Kenya hakukuwa na mwongozaji Mkenya, na naamini ule mjadala wetu mrefu kuhusu chumba cha wale dada wawili ungekuwa mwepesi kidogo kama angekuwapo. Wakati huo huo ni lazima nikiri kwamba kwa miaka zaidi ya 20 tangu filamu ile itoke, hakuna hata mmoja wetu katika chama hiki aliyekwenda na kamera kwenye mahakama iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ukumbini hapa.

Kwa sababu hiyo Kamati inaleta hoja moja mbele yenu. Inapendekezwa kwamba akiba ya mwaka huu, badala ya kutumika kununulia projekta mpya, inunulie kamera moja ndogo na kinasa sauti kimoja, na kwamba wanachama wawili wachaguliwe kwenda mafunzoni. Waanze na filamu fupi kuhusu wanawake wanaosubiri kwenye benchi la mahakama, kwa idhini ya mahakama na ya wanawake wenyewe, na yeyote atakayekataa kuonekana asionekane. Majina ya wanaojitolea yatapokelewa na Katibu mlangoni. Kura itapigwa mara tu Mweka Hazina atakapomaliza kusoma hesabu.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti